Jina la Saliba, Asubuhi na Jioni

Beit Jala, 26 Aprili 1925

Kaka yangu Jadallah,

Karatasi hii ikikukuta mzima, ujue na sisi huku tunapumua vizuri. Mama anakusalimu, magoti yake ndiyo yaleyale, akipanda ngazi za kwetu anazitukana moja moja. Baba anakusalimu. Anasema kama huko Santiago watu wanaoga mtoni basi usioge, kwa sababu mito ya ugenini haikujui. Mizeituni imeweka maua mengi, na watu wanaogopa kuisifu isije ikasikia.

Mimi niko mwezi wa sita na tumbo limekaa. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu najua utauliza. Zile mimba mbili zilizoharibika zilitoka mapema, hii imepita hapo, na usiku inanipiga mateke kama punda wa baba. Mama Saliba, mkwe wangu, hanipi hata ndoo ya maji. Ananiambia, "Kaa. Kazi yako ni kukaa. Hata kuku wanajua kukaa."

Lulu wangu amefika miaka minne na anazungumza kama mtu wa baraza.

Sasa kaka, jambo langu. Saliba aliniandikia mlipofika, barua ya Krismasi, akasema mmepata chumba kimoja, vitanda viwili na dirisha linalotazama ukuta. Baada ya hapo, kimya. Najua yeye si mtu wa kalamu, lakini mistari miwili haimvunji mtu mkono. Mkalishe chini, mwambie mke wako anataka mistari miwili na jina la mtoto, la kiume moja na la kike moja. Au kama amepata kazi ya mbali uniambie, nitaelewa.

Usidhani nimekaa nalia. Ami, baba yake Saliba, anamtaja asubuhi na jioni kama siku zote. Unamjua alivyo. Anasimama pale kwenye mwimo wa mlango, anavua kofia, anajiwekea ishara ya msalaba, imani, Baba Yetu, shukrani ya kulindwa, halafu majina. Anaanza na aliye mbali. "Umkumbuke mtumishi wako Saliba, aliye ugenini." Kisha Mama Saliba, kisha mimi, kisha Lulu, na siku hizi ameongeza "na huyu asiyeonekana". Mgeni akiwepo anatiwa. Hata yule muuza sufuria wa Hebroni alitiwa, akakaa kimya kwa adabu, mwisho akauliza kama kuna chai.

Juma la Pasaka Ami alirudi kutoka posta ya Betlehemu akasema jino linamuuma. Siku mbili hakula. Sasa amepona lakini sala zake zimekuwa ndefu, Lulu anasinzia amesimama.

Mwambie Saliba aandike.

Dada yako,
Afifa

*

Santiago, 20 Juni 1925

Mdogo wangu Afifa,

Nakusalimu na kuwasalimu wote, baba na mama kwanza. Mwambie baba siogi mtoni. Huku kumeingia baridi, maana mwaka wao umegeuzwa kama shati, Juni ndiyo kipupwe. Mimi nauza soksi, vifungo, nyuzi na vitana mlango kwa mlango, na Kihispania changu kinatosha kuwachekesha wanawake hadi wanunue. Kuna mmoja ananiita Mturuki. Nimemwambia mimi ni mtu wa Betlehemu, karibu na alikozaliwa Bwana. Akasema, basi ungepunguza bei.

Nimefurahi kuhusu tumbo. Kula mayai. Usinyanyue kitu. Usipande kwa mama, mama ashuke kwako. Usifue mablanketi. Ukisikia uchovu ulale hata kama ni mchana, na mtu akikucheka mwambie kaka yako amesema.

Kuhusu Saliba sina neno jipya la kukuandikia.

Ami nimemwandikia peke yake, msalimu.

Nimekutumia kitambaa cha pamba laini, kitafika na mtu wa kwa Kattan anayerudi mwezi huu. Ni cha mtoto. Usikishone kabla hajazaliwa.

Kaka yako,
Jadallah

*

Beit Jala, 16 Agosti 1925

Kaka,

Mungu ashukuriwe, tumepata mwana. Alizaliwa tarehe kumi na nane Julai mchana, jua kali, mkunga akasema amekuja saa ya kazi. Kichwa chake ni cha Saliba kabisa, kipana nyuma. Mama Saliba alipokiona hicho kichwa alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Hiki nilikizaa mimi mara moja, sikutegemea kukiona kikitoka kwa mwingine."

Mama na baba wazima. Kitambaa kimefika.

Ami alimpokea mtoto, akamshika kwa mikono ile ya kuchonga mawe kana kwamba ameshika maji. Akatoka nje, akakaa chini ya mtini muda mrefu. Nilidhani amefurahi kupita kiasi. Jioni aliposali alifika "umkumbuke mtumishi wako Saliba", sauti ikakwama, akaanza upya, ikakwama. Mama Saliba akamwambia, "Girgis, kunywa maji." Akanywa, akamaliza.

Kaka, nakuuliza kwa upole. Mbona hukumtaja? Umeandika ukurasa mzima, umetaja mayai na blanketi na mwanamke wa vitana, na Saliba umempa mstari mmoja ambao haubebi chochote. Mmegombana? Kama mmegombana niambie, mimi nawajua nyote wawili, nitajua nani alianza. Ameoa huko? Nimeandika neno hilo na mkono haujakatika, kwa hiyo na wewe unaweza kuliandika.

Lile lingine silifikirii, na nitakwambia kwa nini. Unakumbuka Mama Nikola jirani, Waorthodoksi wale. Mwezi wa pili ilikuwa arubaini ya mumewe, akatuletea sahani ya ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile ya kuwaombea marehemu wao. Ami akamwambia, "Mama Nikola, mtihani umekwisha na karatasi zimekusanywa. Wewe bado unamnong'onezea majibu?" Mama Nikola akamjibu, "Ukifa wewe Girgis nitakunong'onezea kwa sauti kubwa, maana ninavyokujua hujasoma kitu." Tukacheka wote. Ami akala ngano yote, akauliza kama imebaki.

Lakini ni mtu wa msimamo. Kaka yake Jiries alipofariki miaka ile, mimi nilikuwa bibi arusi mpya, niliona kwa macho yangu. Asubuhi alimtaja kwenye sala kwa sababu alikuwa mgonjwa. Saa nane Jiries akakata roho. Jioni Ami alisimama pale mlangoni, akafika kwenye jina lake, akaliruka, akaenda kwa anayefuata, machozi yanamtiririka na hakulitaja. Mama Saliba akamwambia amtaje walau mara moja tu, Ami akasema, "Yuko kwa Mungu. Wa kuombewa ni sisi."

Kwa hiyo mimi kila asubuhi na kila jioni nasikia jina la mume wangu, na najua anayelitaja hawezi kulitaja bure. Hiyo ndiyo posta yangu. Inafika mara mbili kwa siku na haina stempu. Nikilisikia namwambia mtoto sikioni, "Umesikia? Baba yako mzima."

Ila bado nataka mistari miwili, mimi ni binadamu. Mtoto hana jina. Ami anasema tungoje, na ubatizo tungoje, na yeye ndiye aliyetaka Lulu abatizwe haraka mpaka mchungaji akaja bila kunyoa.

Dada yako,
Afifa

*

Santiago, 10 Oktoba 1925

Mdogo wangu,

Hongera kwa mwana. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimekuandikia majibu matatu nikayachana, hili ni la nne na ni fupi ili nisilichane.

Sijagombana na Saliba. Hajaoa.

Maziwa yametulia? Mtoto anashika uzito? Nijibu hilo.

Nimemwandikia Ami tena kwa bahasha hiihii ya leo. Mpe mkononi, asome kwanza yeye. Mwambie Jadallah amesema imetosha.

Nisamehe mwandiko.

Jadallah

*

Beit Jala, 8 Novemba 1925

Jadallah,

Sijapata barua kutoka kwako tangu ile ya mayai. Labda iko baharini. Labda hukuandika. Nakuandikia mambo kama yalivyokuwa kwa sababu kichwa changu bado kinayazungusha na nafikiri nikiyaweka chini kwenye karatasi yatasimama.

Tunavuna zeituni. Ami alinyeshewa na mvua ya kwanza juu ya mti, homa ikamshika kifua. Siku ya tatu, Alhamisi, hakuweza kusimama. Jioni ilipofika alikuwa amelala kwenye godoro pale pembeni, sote tumo chumba kimoja, taa imewashwa, mkate bado una joto. Mama Saliba hajui kusoma. Ami akasema, "Afifa, chukua kitabu."

Kaka, nilijisikia. Miaka minne niliyokaa shuleni kwa masista wa Kijerumani, na humu nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia chukua kitabu. Nilijifunga kitambaa vizuri, mtoto nikampakata kifuani, Lulu akanishikilia sketi, nikasimama mwimoni pale anaposimama yeye. Nikasema yote, imani sikukosea, Baba Yetu sikukosea. Shukrani ya siku nikaisoma polepole ili nisijikwae. Nikafika kwenye majina, nikafunga kitabu kwa kuwa majina hayamo kitabuni.

Nikasema, "Umkumbuke mtumishi wako Saliba."

Ami akasema, "Acha."

Nilidhani anakohoa. Nikasema tena, "Umkumbuke mtumishi wako Saliba, aliye..."

"Acha hapo, binti yangu. Pita."

"Nipite wapi, Ami?"

"Mpite huyo. Nenda kwa mama yake."

Mama Saliba alikuwa anakata vitunguu. Akasema, "Homa hiyo. Anaweweseka. Endelea, mwanangu."

Ami akajiinua kwa kiwiko. Akasema, "Siweweseki. Mimi nimeubeba wangu miezi yote hii. Huyu asiubebe, ana mtoto mchanga kifuani."

Halafu akageukia ukuta.

Kaka, hakuhitaji kusema. Mtu mwingine yeyote angeuliza, kubeba nini? Mimi nililelewa kwenye nyumba hizi. Nilijua nini kinarukwa katika sala yetu. Nilimwona akimruka Jiries.

Nikwambie aibu yangu? Nilimaliza. Mdomo uliendelea peke yake, kama punda anayejua njia na mwenyewe kalala. Nikamtaja Mama Saliba aliyekuwa amekaa na kisu mkononi. Nikamtaja Lulu. Nikamtaja mtoto. Nikasema Amina, na Lulu akasema Amina, halafu tukabaki tumesimama.

Mama Saliba akauliza, "Girgis, umesema nini?" Akauliza mara nyingi. Sauti haikupanda, ilikuwa ileile, kama mtu anayebisha hodi. Yeye hakujua, kaka. Mwanawe wa pekee, na alikuwa hajui, alikuwa anakula na kucheka kichwa cha mtoto.

Maziwa yalinikauka siku mbili. Mkwe wa Mama Nikola jirani alimnyonyesha mwanangu pamoja na mtoto wake, hakuuliza kitu, alikuja tu akakaa akafungua kifua. Sasa yamerudi.

Siku ya nne homa ya Ami ikashuka. Alichomoa barua yako kutoka chini ya godoro, ile ya mwezi wa pili, akanisukumia sakafuni bila kunitazama. Niliisoma. Kwa hiyo na wewe ulijua, ulijua ulipoandika nisinyanyue kitu.

Nakaa nafikiria hesabu ya ajabu. Tangu Pasaka hadi siku ile, kila asubuhi na kila jioni, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa mjane ninayefurahi. Nilimwambia mtoto sikioni baba yako mzima. Nani alinicheka? Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo linalonitisha. Ninyi wanaume wawili mlinishika kama yai, na yai halijui hata liko kapu gani.

Sikutukani. Nataka uniambie alikufaje. Usiandike habari za baridi.

Afifa

*

Santiago, 4 Januari 1926

Afifa,

Salamu kwa baba na mama, na kwa Mama Saliba siwezi kumtumia salamu, mbusu mkono kwa niaba yangu kama atakubali.

Umeniambia nisiandike habari za baridi. Sawa.

Sisi tulikuwa na masanduku mawili ya bidhaa na njia mbili. Mmoja anabaki mjini, mwingine anapanda gari moshi kwenda kaskazini kwenye kambi za migodi, wiki tatu. Tunapokezana. Mwisho wa Januari ilikuwa zamu yangu kwenda. Nimekuandikia mstari huu na nimekaa robo saa nautazama. Ilikuwa zamu yangu. Jumapili ile nilikuwa nimealikwa kwa watu wenye binti, watu wa kwetu, unaelewa. Saliba akanicheka, akasema, "Nenda ukale keki ya watu, mimi nitauza vifungo. Mwenye mke anaweza kwenda jangwani, bikira abaki mjini." Akabeba sanduku langu.

Barua yako ya kusema una mimba ilikuwa imefika siku nne kabla. Basi ujue hilo, alijua. Alinishika mabega akanizungusha chumbani hadi tukaangusha jiko.

Kule maji si mazuri. Akapata homa ya matumbo. Nilipoitwa kwa simu ya waya nikapanda gari moshi siku mbili, nikamkuta amekwisha kuzikwa. Alikufa tarehe ishirini Februari. Mwenye nyumba aliyemlaza ni mwanamke wa makamo, Mkatoliki, mnene, mkarimu. Alinisimulia jambo. Anasema kila jioni alisikia Saliba anazungumza chumbani na watu wengi, kwa lugha yetu, kwa sauti ya baba wa nyumba, anasimama kidogo, anataja mtu, anasimama kidogo, anataja mwingine. Mara ya kwanza aliandaa vikombe sita akabisha mlango, akidhani jamaa zake wamefika. Akamkuta peke yake, ameketi kitandani, kofia mkononi. Siku zilizofuata aliendelea kuleta vikombe sita. Alisema hakuona vizuri kupunguza.

Niliandika kwa Ami ili awaambie kwa mdomo, mambo haya hayasemwi kwa karatasi. Alinijibu mistari mitano. Nainakili uone mwenyewe: "Binti amekwisha kupoteza mbili. Hii aliyo nayo ndiyo iliyobaki ya mwanangu. Nikimruka kwenye sala siku moja tu, atajua usiku huohuo. Kwa hiyo sitamruka. Wewe nyamaza huko, mimi nitasema huku. Mungu na anihesabie mimi."

Baada ya mtoto kuzaliwa nilimwandikia aseme. Nadhani alingoja maziwa. Baada ya maziwa nadhani alikuwa amezoea, au alipenda kuwa na jina lake kwenye ulimi. Simtetei sana. Mimi nilinyamaza kwa sababu aliniagiza, na kwa sababu nikisema amekufa ningelazimika kusema zamu ilikuwa ya nani.

Binti yule sikumwoa. Siendi tena Jumapili.

Njoo huku na watoto. Nitapata chumba chenye dirisha la maana. Au kama hutaki hata kuniona, sema.

Jadallah

*

Beit Jala, 1 Machi 1926

Kaka yangu Jadallah,

Mama anakusalimu, Baba anakusalimu. Niliwasomea yote isipokuwa ule mstari wa zamu. Huo nimeukunja. Siku ukirudi utausema mwenyewe au hutausema. Mimi nimeusikia. Nilikukasirikia siku nne, siku ya tano mtoto akaota jino na sikuwa na nafasi. Sijui kama hiyo inaitwa kusamehe. Lakini nakuomba Jumapili uende kwa wale watu. Saliba alibeba sanduku ili ule keki, na wewe umeiacha mezani.

Sitakuja Chile. Nitakwambia kwa nini kwa kukusimulia.

Ami alipona kabla ya Krismasi, lakini nyumba haikupona. Aliacha kusali. Asubuhi anachukua nyundo anaondoka kama mwizi. Jioni anakula, analala. Mimi nilimwambia siku moja, "Ami, hatusali?" Akaniambia, "Wewe sali. Mdomo wangu mimi umesema uongo mbele ya Mungu na watoto wakasema Amina." Nami sikutaka kusali mahali pake, kaka, nilipokaribia ule mwimo nilisikia "acha". Mama Saliba akakataa hata kumtazama. Alinunua kitambaa cheusi akakishona mbele yake, akasema, "Umetembea ndani ya nyumba yangu na kifo cha mwanangu mfukoni, kama mtu anayeficha tumbaku."

Mchungaji alikuja. Akamwambia Ami, "Uliombea aliyekufa. Unajua mafundisho yetu." Ami akasema, "Nayajua kuliko wewe, nilikuwa nayajua kabla hujaota ndevu." Mchungaji akasema, "Basi ulimwombea nini Saliba?" Ami akasema, "Sikumwombea Saliba. Nilikuwa nimemkabidhi. Kila nikimtaja nilikuwa naomba huyu binti asizae kabla ya siku." Mchungaji akamwambia Mungu anasamehe. Ami akasema, "Hilo nalo nalijua. Siyo Mungu ninayemwonea haya."

Na Lulu akaacha kulala. Yeye tangu azaliwe anaambiwa sala ikiisha ulale upesi na kwa furaha, sasa haiishi kwa sababu haianzi. Anakaa wima kwenye godoro kama bundi. Namwambia lala. Ananijibu, "Bado hatujaruhusiwa." Mtoto wa miaka mitano, macho mekundu.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma kwa sauti, wote wapo. Nilipofika kwenye vikombe sita Mama Saliba alicheka, halafu akashika kinywa, halafu akahesabu kwa vidole, Girgis, mimi, Afifa, Lulu, wa tumboni, na yeye mwenyewe. "Sita kweli," akasema. "Yule mama alijuaje?" Nilipofika kwenye mistari mitano ya Ami, yeye alisimama akatoka nje, na kulikuwa na mvua.

Asubuhi yake nilimkuta mlangoni, viatu amevaa, nyundo begani. Nikasimama mbele yake, mtoto kiunoni.

"Ami, kabla hujatoka, niambie."

"Nikwambie nini, na barua umeisoma mwenyewe jana?"

"Hiyo ni barua ya kaka yangu. Na siku ile uliambia ukuta. Mimi hujaniambia."

"Nipishe, binti yangu, mawe yananingoja."

"Mawe hayana miguu. Kila asubuhi na kila jioni uliniambia yu hai. Sasa niambie lile lingine, kwa mdomo huohuo."

Mama Saliba alikuwa anakanda unga. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie, Girgis. Na mimi nasikiliza, maana hata mimi sikuambiwa."

Ami akatazama kizingiti. Nikadhani atanisukuma, mtu mwenye mikono ile. Akaishusha nyundo, akaiegemeza ukutani. Akavua kofia. Alikuwa amesimama palepale kwenye mwimo, sidhani alipachagua.

Akasema, "Saliba amekufa. Mwanangu alikufa tarehe ishirini Februari mwaka jana, mbali, na mimi nimejua tangu juma la Pasaka."

Nikasema, "Amina."

Sikuwa nimelipanga, kaka. Lilitoka kwa sababu lilikuwa neno la kwanza la kweli kusemwa mahali pale kwa karibu mwaka mzima, na mimi sijui neno jingine la kupokea kweli. Mama Saliba naye akasema Amina, mikono ndani ya unga. Lulu akasema, lakini Lulu husema Amina hata akiitwa kula.

Ami akabaki na kofia mkononi. Ananitazama kama mtu aliyefika mahali na hajui nani mwenyeji. Akauliza, "Sasa?"

Nikampa kitabu. Nikamwambia, "Sasa soma, Ami. Umechelewa kazini."

Dada yako,
Afifa